Turubai la Bwawa la Memsahibu

Nikiwaambia wajukuu zangu kwamba niliwahi kufungwa na turubai, wanacheka. Wanadhani bibi anapiga mafumbo. Mimi mafumbo siyajui. Nasema turubai lenyewe, kitambaa cha kufunikia lori, vipande vilivyounganishwa kwa uzi wa katani, chenye matundu ya chuma pembeni na kamba katika kila tundu. Mimi na mume wangu tulilivuta juu ya bwawa la kuogelea la Memsahibu asubuhi na jioni, katika miaka ya hamsini, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Nyarugusu. Mfungwa wa gerezani huambiwa siku yake ya kutoka. Sisi hatukuambiwa.

Mume wangu alikuwa Msukuma wa Shinyanga. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake alikuja kutafuta kazi mgodini, akapelekwa shimoni, na huko ndiko mwamba ulikomwangukia. Walimfukua kesho yake akiwa hai. Pembeni yake alikuwapo mwenzake, na walikuwa wamezungumza gizani kwa muda mrefu mpaka mwenzake akaacha kujibu. Tangu siku hiyo akifikishwa kwenye mdomo wa shimo miguu ilikataa. Nyapara alimtukana, akamsukuma, miguu ikakataa vilevile. Nyumbani alilala mlango ukiwa wazi, iwe baridi iwe mbu, na blanketi halikuvuka kifua chake. Mimi niliolewa naye akiwa hivyo, sikumjua mwingine.

Kilichomwokoa ni bwawa. Bwana Mkubwa wa mgodi alikuwa amejenga bwawa la saruji katika bustani yake kilimani, kwa ajili ya mke wake, huyo Memsahibu, na wageni wao wa Jumapili, na alitaka mtu wa kulitunza. Akasema yule aliyefukiwa apewe wavu na brashi. Ilikuwa huruma, sikatai. Lakini huruma ile ilikuwa na mkia: siku bwawa litakapomshinda, atarudi chini. Kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha ilikuwa kesi ya bomani, na hata mkataba ulipokwisha hatukuwa na pa kwenda. Kwao Shinyanga zizi lilibaki miiba mitupu. Kwetu Ushirombo, baba alipofariki, baba zangu wadogo waligawana shamba, wakamwachia mama kibanda na migomba ya uani. Basi kila mkataba ulipokwisha, mume wangu aliweka dole gumba kwenye mwingine.

Mwanzoni bwawa halikuwa na kifuniko. Aliyebuni kuweka maji wazi katikati ya vumbi la mgodi hakuwahi kufagia uwanja maishani mwake. Vumbi jekundu la mashine za kusaga mawe lilitua juu ya maji tangu alfajiri, yakaja majani ya mkaratusi, yakaja maua ya mjakaranda, na mvua zikianza wakaja kumbikumbi kumwaga mbawa zao mle ndani. Mume wangu alizunguka ukingoni kutwa na wavu wake mrefu. Akimaliza upande huu, ule umeshachafuka. Jua nalo lilikunywa maji. Wakati wa kiangazi ungeiona alama ya maji ikishuka ukutani siku hadi siku, na gari la maji likapanda kilima kwenda kujaza, huku sisi kambini tumepanga ndoo kwenye bomba moja. Dawa vilevile. Ile dawa nyeupe ya unga, yenye harufu ya kuwasha pua, aliikoroga katika ndoo na kuimimina jioni. Kesho yake jua likishapiga mpaka mchana, harufu imekwisha na nguvu ya dawa imekwisha nayo. Ukisahau siku mbili kuta zinaota ukoga wa kijani, utelezi wa kumvunja mtu kiuno, na hapo unatafutwa mrututu wa kuua ukoga, inatafutwa brashi, na lawama haitafutwi, inakuja yenyewe.

Kazi hiyo ilimchosha mume wangu, lakini aliipenda kwa sababu ilikuwa juani. Na mimi siku zile nilikuwa na nafasi yangu. Nililima kiraka cha mtama nyuma ya nyumba za watumishi, na kila baada ya mavuno nilikwenda Ushirombo kumwona mama, nikakaa hata mwezi mzima. Mama alikuwa mjane, na katika watoto wake nilikuwa nimebaki mimi tu. Kila nilipomuaga aliniambia jambo lilelile, kwamba siku yake ikifika hataki kuoshwa na wake za shemeji zake, watu waliomnyang'anya shamba. Anataka nimwoshe mimi. Nami nilimwambia aache maneno ya kifo, njia ipo na miguu ninayo.

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Lambo la mgodi lilipungua mpaka matope yakaonekana, na Bwana Mkubwa akakataza gari la maji lisipande kilimani. Memsahibu alikuwa amesikia kwamba huko kwao Ulaya watu hufunika mabwawa yao. Yakatolewa maturubai ya lori kutoka stoo, fundi akayaunganisha, vigingi vya chuma vikapigiliwa kuzunguka ukingo.

Nitasema kweli, turubai lilifanya kazi yake. Alama ya maji iliacha kushuka. Majani na vumbi viliishia juu. Dawa iliyokuwa ikitiwa kila jioni sasa ilikaa siku kadhaa, maana jua halikuifikia. Wageni wa Jumapili walimsifu Memsahibu kwa maji yake, naye akampa mume wangu suruali kuukuu ya Bwana. Wavu ukatundikwa ukutani.

Ila turubai lina masharti yake. Huwezi kulitupa juu ya maji ukaenda zako. Siku ya dawa bwawa liachwe wazi kwanza, ule mvuke mkali utoke, la sivyo unakaa chini ya kitambaa na kukila. Letu la kwanza lilioza pembe moja kwa namna hiyo. Ukilifunga siku nyingi bila dawa, maji yanapata joto mle chini na kuharibika, yanageuka kama ya kuoshea mchele, kisha kijani kinaanza pembeni ambako mwanga unapenya, na wewe huna habari kwa sababu juu pakavu na pasafi. Mvua ikinyesha, maji yanatuama katikati ya turubai pamoja na majani na mavi ya ndege, na mbu wanataga humo. Lazima uyakumbe kwa ndoo na ufagio, maana ukivuta hivihivi uchafu wote unaingia bwawani kwa mara moja. Kwa hiyo ratiba ikawa hivi: asubuhi tunafagia na kufunua maji yapate hewa, jua likikaza tunafunika, Memsahibu akitaka kuoga tunafunua, jua likizama tunafunika.

Turubai hilo mtu mmoja haliwezi. Wanatakiwa wawili, mmoja kila ukingo, wakienda sawasawa, maana mmoja akitangulia pembe inazama, na ikishakunywa maji ni kazi ya wanaume wanne kuitoa. Memsahibu hakutaka mwanamume mwingine karibu na mahali anapooga. Mtunza bustani alikatazwa kuvuka ua wa michongoma. Mpishi alikatazwa kwa sababu mikono ya chakula isiguse dawa. Mume wangu walikuwa wamemzoea, na mimi nilikuwa mwanamke. Memsahibu akaniita, akanionyesha ukingo wa pili, basi. Sikuandikwa popote wala sikuitwa mtumishi. Niliitwa mke wa mtu wa bwawa.

Hapo kazi ilipungua, na kifungo kikaanza. Wakati wa wavu mume wangu alihangaika kutwa, lakini peke yake. Sasa tulivuta kamba kidogo, kisha tukakaa wawili tukingoja saa ya kuvuta tena. Huwezi kwenda gulioni, jua litakaza. Huwezi kwenda kulia msiba kambi ya pili, Memsahibu ataoga. Mavuno ya kwanza yakapita sikwenda kwetu, ya pili yakapita. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu niliimalizia kwenye kamba mpaka viganja vikaota sugu. Mume wangu alikuwa na lake. Kila jioni kabla ya kufunga kigingi cha mwisho alisimama, akainama, akachungulia chini ya turubai mpaka mwisho wa maji. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anahakikisha hakuna mtu. Sikumuuliza tena.

Aliyetuchekesha pale kilimani ni mpishi. Alikuwa Mzaramo, mtu mzima, kanzu nyeupe na kofia safi, na sisi Wasumbwa na Wasukuma ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mwenye kuujua utani wa zamani anajua kwamba mtani hana mpaka. Akiniona navuta kamba alikuwa akiniita ng'ombe wa plau, akaniuliza kama nimepewa majani. Mimi namjibu kwamba mtu wa pwani kazi yake ni kula na kuoga, ndiyo maana amefuata bwawa mpaka bara. Nikichelewa kutoka ndani asubuhi, alitangaza kwa sauti kuwa nimekufa, na kwamba anadai kuku wake wa matanga. Kwa watani, kumzulia mtu kifo ni salamu. Anayekasirika ndiye mjinga.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikielekea mwisho, akaja mtu wa kwetu kutafuta kazi mgodini. Alipitia Runzewe, na alinibebea ujumbe. Mama hainuki. Miguu imevimba na chakula hakikai tumboni. Mama amesema kama nina nafasi nije sasa, angali anajua sura za watu.

Nilikwenda kwa Memsahibu. Alikuwa barazani anashona vifungo. Nilimweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, na usoni alionyesha huruma. Lakini akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba mgonjwa hutibiwa na daktari, na mimi si daktari. Wageni wanakuja, nani atavuta turubai? Ruhusa ya nyumba ile ilikuwa ya msiba tu. Ukifiwa na mzazi unapewa juma moja. Akaongeza, bila ukali wowote, kwamba kama mume wangu ameshindwa na bwawa, Bwana atamrudisha alikotoka. Nilitoka pale nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya kuni, nikalia.

Mpishi alitoka akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Akarudi ndani, na aliporudi alikuwa amejipaka majivu usoni na kuiweka mikono kichwani. Akaanza kumlilia mama yangu kwa sauti kubwa, kwamba mama wa mtani wake amekufa, na ng'ombe aliyeahidiwa yuko wapi, na nani sasa atampikia ugali wa mtama akija Ushirombo kula matanga. Huo ulikuwa utani wenyewe. Watu husema anayezuliwa kifo huishi sana, na mtani akimlilia mgonjwa angali hai, anamfukuzia mauti. Nilicheka huku nalia, nimejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Memsahibu alisikia kilio akatoka mbio. Akamwona mpishi wake na majivu, akaniona mimi natetemeka.

"Mama kwisha kufa?" akauliza.

Mpishi alinitazama. Mimi nikatazama chini.

"Ndiyo, Memsahibu," akasema mpishi. "Amekufa."

Memsahibu alikuja akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia kwamba mama yake naye alifia kwao wakati wa vita, yeye akiwa huku huku, na mpaka leo hajaliona kaburi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanipa juma moja, na sukari, na kitambaa cheupe cha kumfunikia marehemu. Nilivipokea kwa mikono miwili. Njia ya mwongo ni fupi, najua, lakini yangu ilifika Ushirombo, na mimi nilitaka ifike hapo tu.

Nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja mpaka Runzewe, kutoka hapo nikapiga mguu. Nilimkuta mama ameegemezwa ukutani, amekonda, miguu imejaa kama mito ya usufi. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti yake ileile ya amri, nikashusha pumzi. Akaniuliza wale Wazungu wameniachiaje. Nikamsimulia yote, Mzaramo na majivu na ng'ombe wake wa matanga. Mama alicheka mpaka akakohoa. Majirani waliokuja kunisalimu walivunjika mbavu. Mama akasema nikamwambie huyo Mzaramo ng'ombe hampati, kwato atapata.

Majirani walipoondoka tukabaki wawili. Nilikuwa nawasha moto. Nilijua ananitazama.

"Wazungu hao wana watani?" akauliza.

Nikamwambia hawana.

"Kwa hiyo kwao mimi nimekufa."

"Ndiyo, mama."

"Na mtu kwao hufa mara ngapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nakwambia kweli, tangu nyuma ya jiko mpaka Runzewe, na kutoka Runzewe mpaka mlangoni kwake, wazo hilo halikunipitia. Yeye alikuwa mgonjwa wa kutoinuka na akaliona papo hapo. Nikasukuma kuni motoni.

"Basi nioshe sasa," akasema.

Nilikataa. Nilimwambia ni uchuro, mtu aliye hai haoshwi hivyo, atajiitia mabaya. Akanikaripia. Akasema uchuro ni mimi niliyekuja na sanda kikapuni. Asubuhi nilichemsha maji, nikamlaza juu ya mkeka uani nyuma ya migomba, nikamwosha kuanzia kichwani. Aliinua mikono mwenyewe. Aliniamuru nyuma ya masikio, katikati ya vidole, nisiruke mahali. Nililia muda wote, naye akaniambia niache, namchafulia maji. Nilipomaliza nikampaka samli mwili mzima, akalala usingizi mzuri kuliko siku zote nilizokaa pale.

Juma liliisha, nikarudi. Niliposhika njia ya kupanda kilimani, harufu ilinifikia kabla sijaliona bwawa. Nilipovuka ua wa michongoma nilikuta halina maji. Mume wangu alikuwa chini kabisa, katika kina chake, anasugua kuta kwa brashi, na alipoinua uso kuniangalia ulikuwa na jasho la mtu mwenye homa. Nikamteremshia mkono, akatoka, akakaa ukingoni mpaka pumzi ikamrudia.

Ndipo akanieleza. Siku ya kwanza alijaribu kuvuta turubai peke yake, pembe ikazama. Aliihangaikia mpaka akaiokoa, na hapo akaona heri aache bwawa limefungwa mpaka nirudi. Kwa kuwa lilifungwa, hakutia dawa. Mvua za kwanza zikanyesha, maji yakatuama juu ya turubai na uchafu wake wote, na peke yake asingeweza kulisafisha katikati bila kulizamisha. Jumapili wageni wakaja. Bwana Mkubwa akaagiza wanaume kutoka mgodini wafunue, nao hawakujua kukumba kwanza. Wakavuta. Uchafu wote ukamwagika ndani, na maji yaliyokuwa chini yalikuwa tayari ya kijani na yanatoa harufu ya mtungi uliosahauliwa. Memsahibu aliaibika mbele ya wageni wake. Maji yote yakamwagwa, na maji yenyewe yalikuwa ya shida. Bwana Mkubwa hakupiga kelele. Alimwambia mume wangu kwamba bwawa likiharibika tena atashuka shimoni siku hiyohiyo.

Kuanzia hapo hatukuthubutu hata kuugua. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, na kila asubuhi tulikuta kidimbwi juu ya turubai. Tulikikumba taratibu, mimi upande wangu na yeye wake, ufagio kwa ufagio, kisha tunavuta. Maji yakawa safi kuliko wakati wowote. Memsahibu alirudisha tabasamu. Aliniuliza habari za kaburi la mama yangu, kama limepandwa maua, nami nikajibu ndiyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke yule mtu wa kwetu aliponifuata tena, akitokea likizo fupi nyumbani. Hakuwa na haja ya kusema, nilimwona anavyotembea. Mama alikuwa amekata roho. Wamemlaza kwa baba mdogo, na wamekubali kumngoja binti yake mpaka keshokutwa, wasizidishe hapo. Aliniambia lori la Runzewe linaondoka alfajiri.

Nilipanda barazani kwa Memsahibu. Nilimwambia mama yangu amekufa.

Akaweka chini kikombe chake. "Mama yako kwisha kufa," akasema. "Mwaka jana. Mimi nilikupa kitambaa."

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Niseme kwamba mwaka jana alikuwa mgonjwa, kwamba yale majivu yalikuwa utani wa watu wa kale, kwamba kwetu mtu anaweza kuliliwa akiwa hai na asidhurike. Nyuma ya Memsahibu, kwenye mlango wa chumba cha kulia, mpishi alikuwa amesimama na sinia. Alikuwa amesikia kila kitu. Neno langu moja, na mzee yule angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana, baada ya miaka yote aliyowapikia, kwa kumdanganya Memsahibu juu ya mama aliyekufa, yeye ambaye alimlilia mama yangu kama wa kwake. Mpishi alinipa ishara kwa kidevu. Sema. Nilimwona vizuri, hakuwa anatania. Nikafunga mdomo.

"Mtu hapana kufa mara mbili," akasema Memsahibu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa uchungu wa mtu aliyeheshimu msiba wa mwenzake na sasa anaona anachezewa. Akainuka akaingia ndani.

Siku nzima nilifanya kazi bila kujua ninachofanya. Jua lilipokaribia kuzama tulisimama kwenye kingo zetu, mimi huku na mume wangu kule, maji katikati yetu yametulia, yanaonyesha hadi sakafu. Mpishi akavuka ua wa michongoma, mahali alipokatazwa kufika, akaja mpaka miguuni pangu. Hakuniita ng'ombe. Akaniomba ruhusa akaseme kuwa yeye ndiye aliyeongopa. Nikamwambia arudi jikoni, chakula chao kinaungua. Alisimama kidogo, kofia mkononi, kisha akaenda.

Nilipogeuka kushika kamba nilimwona mume wangu ameiacha yake. Ilikuwa chini, mbele ya viatu vyake.

"Nenda kamzike mayu, mama yetu," akasema. "Mimi nitashuka."

Alisema hivyo akitazama bondeni, ambako gurudumu la kuteremshia watu shimoni lilionekana juu ya miti. Nilimpenda mama kuliko mtu yeyote duniani. Lori lilikuwapo, na miguu nilikuwa nayo, na walikuwa wananingoja.

"Shika kamba," nikamwambia. "Giza linaingia."

Akainama akaiokota, tukavuta.